Tupokigwe na Timu Yake ya Karonga

Tupokigwe ni binti wa Saulo Mwakalobo, mkulima wa viazi wa kule juu ya Uyole, Mbeya, ambako mashamba yameegemea mteremko kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka mkononi unakwenda kukiokota kwa jirani. Alikulia huko na kaka zake, na likizo ndefu akipelekwa Madibira kwa shangazi yake aliyeolewa na mkulima wa mpunga. Kazi ya watoto Madibira ni kufukuza ndege. Wenzake walipiga madebe na kupiga kelele. Tupokigwe alirusha madonge ya udongo, na baada ya misimu michache hakuna aliyetaka kusimama mbele ya mkono wake.

Mkono huo ndio uliomtambulisha Iringa alikokwenda kusoma sekondari. Palikuwa na mwalimu wa michezo aliyejifunza besiboli alipokuwa masomoni ng'ambo, akarudi na begi la glavu na magongo mawili ya bati. Aliwapanga wasichana mstari mmoja uwanjani, akamwambia kila mmoja arushe mpira kadiri awezavyo. Ilipofika zamu ya Tupokigwe, mpira ulipita juu ya uzio ukaingia kwenye bustani ya mkuu wa shule. Tangu siku hiyo akawa mrushaji wa timu. Aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira wake alikuwa Siwema, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa pale Iringa mjini, msichana mwenye maneno mengi aliyecheza na mtandio umefungwa vizuri chini ya kofia. Miaka minne walirushiana mpira. Siwema alikuwa akisema anaijua mikono ya Tupo kuliko anavyoijua ya mama yake.

Walipomaliza, Siwema alibaki Iringa akawa mwalimu. Tupokigwe naye alisomea ualimu, akapata nafasi kwenye shule moja ya msingi Iyunga. Hapo ndipo alipokutana na Ezekia, dereva kutoka Karonga, Malawi, aliyekuwa akija kupakia viazi Uyole kila wiki. Ezekia alikuwa mtu wa taratibu. Kwanza alinunua viazi kwa Saulo, halafu akaanza kukaa kidogo baada ya kupakia, halafu akawa anafika hata siku ambazo hapakii kitu.

Saulo alilielewa mapema jambo lile, na halikumpendeza.

"Kijana si mbaya," alimwambia binti yake. "Ila Malawi ni mbali."

"Si mbali, baba. Mtu anaondoka hapa asubuhi, mchana anakula kwao."

"Nchi ya watu ni mbali hata ikiwa ng'ambo ya mto."

Mwishowe aliridhia, harusi ikafanyika, na Tupokigwe akavuka mto Songwe wa mpakani na masanduku mawili. Lakini Saulo hakuvuka kwenda kumwona. Kila alipoalikwa, viazi vilikuwa vinataka kupaliliwa, au kuvunwa, au kupandwa.

Karonga ilimshinda Tupokigwe kwa miezi ya mwanzo. Joto la kandokando ya ziwa lilimtoa jasho hata akiwa amekaa. Cheti chake cha ualimu hakikukubaliwa serikalini kule, akawa anashinda nyumbani akipanga vyombo ambavyo tayari vimepangwa. Lugha ndiyo iliyompokea. Wangonde wa Karonga wanazungumza karibu sawa na Wanyakyusa. Neno moja moja linageuka, sauti inapanda mahali ambapo kwao inashuka, na baada ya hapo mnaelewana. Wanawake wa kisimani walimcheka kwa jinsi anavyolivuta neno, naye akawacheka wao, na hivyo akapata watu.

Mwaka wa pili shule ya kanisa iliyokuwa jirani ilimchukua awafundishe watoto wadogo kusoma. Alasiri moja alikuwa akitoka darasani akakuta wasichana wanacheza mchezo kama rede, wawili wanarusha mpira wa matambara na wa katikati anakwepa. Mmoja wa warushaji, mtoto mwembamba aitwaye Lusungu, aliurusha mpira ukampiga mwenzake begani akakaa chini. Tupokigwe alisimama. Alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa glavu yake ya Iringa iliyokuwa imekakamaa kama ngozi ya kiatu cha zamani, akaipaka mafuta ya nazi, na kesho yake akaenda nayo shuleni.

Timu ilianza hivyo. Fundi seremala alichonga magongo ya mti mgumu. Fundi viatu alishona glavu kwa ngozi ya makochi mabovu na sponji. Mipira halisi aliituma Siwema kutoka Iringa, ikisafiri kwa basi hadi Uyole na kutoka Uyole kwenye gari la Ezekia, juu ya magunia ya viazi. Wavulana nao walikuja, kwanza kucheka, kisha kucheza. Mmoja wao, Jailos, alikuwa na maswali kuliko timu nzima. Tupokigwe alipowaeleza kwamba mpigaji akishapiga anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, na hapo ndipo timu inapata alama, Jailos aliinua mkono.

"Madamu, kama tunataka kurudi nyumbani, kwa nini tunaondoka?"

Tupokigwe alimwambia ashike gongo.

Miaka mitatu walicheza wenyewe kwa wenyewe, wakigawanyika pande mbili, maana hapakuwa na timu nyingine karibu. Kisha mwaka jana mwezi wa tano Siwema alimpigia simu. Alikuwa sasa kocha wa vijana wa Iringa, na walikuwa wamepanga kukutana na timu ya Mbeya mjini kwenye uwanja wa shule moja Uyole, Jumamosi na Jumapili moja ya mwezi wa sita.

"Njoo na Wamalawi wako, shoga yangu," alisema. "Nimechoka kucheza na Mbeya tu. Tunajuana mpaka tunachosha."

"Watoto wangu hawajawahi kucheza na mtu asiye darasa lao."

"Basi ndiyo waanze. Na nyumbani kwenu si hapohapo? Watalala kwa baba."

Tupokigwe alikata simu. Kurudi Uyole kama mgeni, na timu ya watu wengine, kulimpa wasiwasi ambao hakuweza kumweleza hata Ezekia. Ezekia yeye hakuhitaji maelezo. Alisema atawaendesha mwenyewe, akaenda kuazima kosta ya kanisa.

Wiki zilizobaki walifanya mazoezi kila alasiri. Jailos alileta wazo. Alisema wawe na maneno ya siri, ili kocha akitaka mtu aliyeko kituoni akimbie ghafla, aseme kitu kwa Kingonde, Watanzania wasielewe.

"Mbeya wataelewa," Tupokigwe alimwambia. "Kinyakyusa na Kingonde ni ndugu."

"Basi tuseme kitu kisichohusu mchezo kabisa. Waelewe maneno, wasielewe maana."

Walibishana, wakachagua: Mama ametoka sokoni. Kocha akisema hivyo kwa Kingonde, aliyeko kituoni anatimua mbio.

Waliondoka Karonga Ijumaa mchana. Walivuka mpaka, wakapita Kyela kwenye michikichi na mpunga, kisha gari likaanza kupanda. Watoto walishangilia migomba ya Tukuyu na mashamba ya chai. Walipozidi kupanda, kelele zikapungua. Madirisha yakafungwa moja moja. Walipofika Uyole jioni na mlango ukafunguliwa, Lusungu alishuka, akasimama kidogo, akarudi ndani.

Tupokigwe ndipo alipogundua kosa lake. Alikuwa amekumbuka vyeti vya watoto, dawa, mipira, hata sabuni. Baridi hakuikumbuka. Yeye aliyezaliwa pale, aliyekwenda shule akikanyaga umande ulioganda, alikuwa amekaa kwenye joto la ziwa mpaka akasahau mwezi wa sita wa kwao unavyokuwa. Watoto walikuwa na kaptura na fulana.

Saulo alitoka nje na koti lake zito, akawaangalia.

"Nilimtoa mmoja," alisema, "amerudi na darasa."

Kisha akawasalimu kwa Kinyakyusa, bila kufikiri, kama anavyosalimu mtu yeyote anayeingia kwake. Watoto wote walimjibu kwa pamoja, wakiinamisha magoti kidogo kama walivyofundishwa kwao. Mzee alimgeukia Tupokigwe.

"Wanajua kuitikia?"

"Ni lugha yao, baba. Nilikuambia."

"Uliniambia inafanana. Hukuniambia ni hii."

Usiku ule walilala wamebanana chini ya mablanketi ya nyumba nzima na ya majirani. Asubuhi ya Jumamosi nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe. Timu ya Mbeya ilifika na masweta, ikaanza kurushiana mpira kama kawaida. Watoto wa Karonga walisimama wamejikunyata, mikono kwapani. Mpira ukija, haudakiki, vidole havikunjiki. Ukiupiga, gongo linatuma maumivu mpaka kwenye viwiko. Lusungu, ambaye kule Karonga mpira wake ulikwenda kasi hata hauonekani, alirusha mitatu, mmoja ukaenda kwa watazamaji, mmoja ukadunda, mmoja ukampiga mpigaji wa Mbeya gotini, naye Lusungu akaanza kulia. Hakuna mtoto wa Karonga aliyefika hata kituo cha kwanza. Mwamuzi, karani wa kampuni ya malori aitwaye Masumbuko, alimaliza mchezo mapema kwa huruma, kama kanuni zinavyoruhusu timu moja ikizidiwa sana.

Tupokigwe aliwakusanya, hakuwafokea.

"Leo mmefungwa na kosa langu," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia mbebe masweta."

Jailos alisema kwa meno yanayogongana kwamba hata kama angewaambia, wasingeamini.

Mchana ule Tupokigwe na Siwema walikwenda kwenye mitumba ya soko la Uyole, wakarudi na marundo ya masweta ya kila rangi. Siwema alichagua na kujadili bei kwa ukali kana kwamba yale masweta ni ya watoto wake.

"Unanisaidia, na kesho unacheza na mimi," Tupokigwe alimwambia.

"Nikiwafunga watoto waliogandishwa, utanisema mpaka nizeeke. Nataka niwafunge wakiwa wazima."

Masweta yalisaidia miili, lakini mikono ilibaki tatizo, kwa kuwa huwezi kurusha mpira ukiwa umevaa glavu za sufu. Saulo alilisikia hilo jikoni jioni wakati wa kula. Jumapili baada ya ibada, watoto wakiwa uwanjani wanapasha miili, walimwona anakuja na toroli, gunia limefunikwa blanketi. Alifungua. Ndani mlikuwa na viazi vya kuchoma, vimetoka majivuni sasa hivi.

"Kila mtu achukue viwili," alisema. "Kimoja mfuko huu, kimoja mfuko huu. Sisi tulikwenda shule hivi. Ukifika unakuwa na mikono, na saa ya mapumziko unakuwa na chakula."

Watoto waliingiza mikono mifukoni, na Tupokigwe akaona nyuso zikifunguka. Hata watoto wa Iringa, ambao baridi wanaijua, walikuja kuomba. Saulo aliwapa nao.

Jua nalo lilikuwa limepanda. Watu walitoka makanisani na sokoni, wakakaa kwenye ukingo wa uwanja kutazama mchezo wasioujua. Mbele kabisa alikaa Evarista, muuza parachichi, na beseni lake, na sauti inayofika mbali bila kipaza sauti. Awali walikuwa kimya. Halafu wakawasikia watoto wa Karonga wakiitana uwanjani.

"Hao si wanaongea kama sisi?" Evarista aliuliza.

"Wanatoka Malawi," mtu alimjibu.

"Malawi wapi? Huyo mtoto amesema vilevile kama bibi yangu." Na tangu hapo nusu ya uwanja ikawa ya Karonga.

Lusungu alirusha siku ile kama alivyokuwa akirusha kwao. Kabla ya kila zamu aliingiza mkono mfukoni akashika kiazi, akautoa, akarusha. Wapigaji wa Iringa walipiga hewa. Siwema aliacha kuongea, jambo ambalo Tupokigwe hakuwa amewahi kuliona. Iringa nao walikuwa wazuri, walidaka kila kitu, na alama zikaenda sambamba.

Mzunguko wa tatu Jailos alifika kituo cha kwanza. Tupokigwe aliangalia, akaona mdakaji wa Iringa amezubaa, akasema kwa Kingonde, sauti ya kawaida tu, kwamba mama ametoka sokoni.

"Mama wa nani?" Evarista aliuliza akiwa nyuma ya beseni lake.

Jailos alikuwa ameshafika kituo cha pili. Mara ya pili Tupokigwe aliposema, mwanamke mwingine alijibu kwamba soko halijafungwa, atakuwa ametoka mapema. Mara ya tatu, Lusungu alipokimbia, watu wote walielewa. Minong'ono ilipita ukingoni, wakaanza kuangalia kila mara ni lini mama atatoka tena sokoni. Watoto wa Iringa, wanaojua Kihehe na Kiswahili, waliangaliana tu.

Ilifika zamu ya mwisho. Timu zilikuwa sawa, Karonga ndio wapigaji, Jailos yuko kituo cha tatu, hatua chache kutoka nyumbani. Tupokigwe hakutaka akimbie. Mrushaji wa Iringa alikuwa makini, na mpigaji aliyekuwepo alikuwa hodari. Aliamua asubiri apige. Akakunja mikono, akanyamaza.

Evarista ndiye aliyeshindwa kusubiri. Alisimama, parachichi mkononi, akaita kwa Kinyakyusa kwa sauti iliyofika barabarani kwenye malori:

"Mama ametoka sokoni."

Jailos hakuuliza ni nani aliyesema. Alitimka. Mrushaji wa Iringa alikuwa ameshaurusha mpira, mdakaji akauona mpira na Jailos wakimjia kwa wakati mmoja, akachagua kumwangalia Jailos. Mpira ulimgonga kifuani ukaanguka. Jailos aliteleza kwenye vumbi akagusa nyumbani, na viazi vyake viwili vikamtoka mifukoni vikabiringika hadi miguuni kwa mwamuzi.

Siwema alikuwa wa kwanza kufika. "Masumbuko, yule si kocha wao. Yule ni muuza parachichi."

"Nimemwona," mwamuzi alisema.

"Basi?"

Masumbuko alivua kofia akajikuna kichwa. "Kanuni zinawakataza wachezaji na makocha mambo mengi. Mtazamaji akipiga kelele, amepiga kelele. Nitamfanya nini?"

Siwema alimgeukia rafiki yake. "Tupo, wewe ulimwambia?"

"Sikumwambia. Hata mtoto sikutaka akimbie. Alikuwa amekosea kukimbia."

"Amekosea akashinda?"

"Amekosea akashinda."

Walitazamana. Siwema alijaribu kubaki na hasira yake, ikamponyoka. Alicheka mpaka akashika magoti, na Tupokigwe akacheka naye, na watoto wa Iringa walipomwona kocha wao anacheka wakaacha kununa, wakaenda kuwapa mikono wenzao. Evarista alikuja na beseni zima, uso umemshuka, akaomba radhi kwa pande zote mbili, akagawa parachichi. Ziliendana vizuri na viazi.

Jioni ile, Siwema na timu yake wakiwa njiani kurudi Iringa, Tupokigwe alikaa na baba yake jikoni wakiangalia maharage yakichemka. Watoto walisikika chumba cha pili wakimsimulia Ezekia mchezo ambao alikuwa ameutazama mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Saulo alikuwa na maswali.

"Yule anayechuchumaa nyuma, kazi yake nini?"

"Kudaka, baba. Na kuwaongoza wenzake. Yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja wote."

"Wewe ulikuwa yule?"

"Mimi nilikuwa mrushaji. Siwema ndiye alikuwa yule."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Akasukuma kuni ndani.

"Nilipokutoa, nilisema moyoni kwamba nimekupeleka mahali ambapo ukilia hakuna atakayekuelewa," alisema. "Miaka yote hii niliwaza hivyo. Kumbe uko kwa watu."

Tupokigwe aliona atalia, akainuka kuonja maharage, ambayo yalikuwa bado magumu.

"Ungekuja uone, baba," alisema akiwa amempa mgongo.

"Viazi vinakaribia kuvunwa."

"Vikishavunwa."

"Vikishavunwa," Saulo alisema, na safari hii hakuongeza kitu.

Alikwenda mwezi wa nane, kwenye gari la Ezekia, amekaa mbele na koti lake mapajani. Alikaa Karonga wiki mbili. Asubuhi alikuwa akienda kisimani kusalimiana na watu mpaka wakamzoea, na alasiri alikaa kwenye kiti pembeni ya uwanja wa shule ya kanisa, akifuatilia mazoezi. Aliwasumbua watoto kwa kuwapa ushauri ambao haukuwa sahihi. Tupokigwe alimwacha. Lusungu alikuwa akimsikiliza kwa adabu, anaitikia, halafu anarusha kama alivyofundishwa na Madamu, na mzee anampigia makofi akiamini ni ushauri wake uliofanya kazi.

Mwaka huu Iringa wamealikwa kuja Karonga. Siwema ameshauliza kuhusu joto.